Ghala la Mama Ayimpen

Bukitin, 11 Mei 2014

Shikamoo Mama Mkubwa Rozalia,

Mguu unaendeleaje? Hapa tu wazima kwa kiasi. Gaspar anaota meno, halali, na yeye asipolala hakuna anayelala, kwa hiyo ukikuta mstari umepinda ujue amenivuta mkono. Dona alikwenda shule siku tatu, siku ya nne akaniambia amemaliza. Nimemrudisha kwa kumshika sikio. Mume wangu Simendo anakusalimu, na mbuzi wako wa mwaka jana amezaa.

Mama tulimzika vizuri. Najua imekuuma kutokuja, lakini mguu uliovunjika hauna kosa. Jambo moja tu lilinikera. Wanawake waliuliza mafungu ya mpunga ya kutundika kwenye jeneza, watu waone marehemu alivyolima. Nikawaambia ghala la mama halifunguliwi na mwingine ila dada yake. Ikabidi tutundike ya kwangu, na unajua ya kwangu yalivyo. Alandiso, yule jirani wa upande wa kisima, akasema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona tajiri akizikwa kwa mpunga wa kuazima. Nikaendelea kufunga mafungu, mtoto mgongoni.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Wanaume wamekaa kikao. Majaruba ya chini, yale yanayopakana na mikoko, yamekuwa chumvi tupu. Mbegu za mpunga mfupi walizotuletea watu wa mradi mwaka jana ziliungua kama karatasi. Wanaume wamesema ukingo unaozuia bahari hawautengenezi tena baada ya mwaka huu, wa nini kuvunja mgongo kwa ajili ya majaruba yasiyolisha mtu. Ukingo ukiachwa, maji yatafika hadi majaruba ya kati. Simendo ameanza kuizungumzia Gambia, ati kuna kazi ya uvuvi huko. Anaizungumzia taratibu, kama mtu anayepima maji ya kuoga.

Lakini mama alikuwa anavuna pale pale chini, Mama Mkubwa. Kidogo, lakini anavuna. Mpunga mwekundu, mrefu, wenye ndevu. Mbegu yake iko ghalani. Njoo ufungue, au kama mguu haujakubali, niandikie neno moja tu kwamba nifungue kwa niaba yako. Ningekutumia ujumbe wa simu ila nasikia simu yako husomwa na wajukuu, na mambo ya ghala si ya watoto. Barua nampa mama anayeleta chaza wakavu kwa meli.

Mwanao,
Odile


Dakar, 2 Juni 2014

Odile mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka chaza, nikaiweka puani kwanza ndipo nikaisoma. Mguu umeungana, lakini ngazi za nyumba hii ni adui yangu. Masikio ndiyo yale yale. Mkwe wangu akinisemesha huwa naitikia tu, na nadhani juzi nimekubali kumlea paka.

Kwa meno ya Gaspar chukua kitambaa kisafi, kiloweshe maji baridi, atafune. Usimpe mzizi wa mtu yeyote. Huyo Dona mwambie bibi yake mkubwa aliosha vyungu vya masista miaka thelathini na miwili, na kusoma alikokujua alikuiba jikoni, akisimama, sufuria ikichemka. Yeye anawekewa kiti na bado analalamika.

Nakutumia sabuni na uzi. Uzi mweusi ni wa Simendo, ashone wavu wake hapo hapo, Gambia kuna nyavu za kutosha.

Chaza wa mwaka huu wakoje? Bado mnawatoa kwa kisu, bila kukata mizizi ya mkoko, kama mama yako alivyokuwa akiwagombeza? Niambie kuhusu mikoko iliyo mbele ya majaruba yake.

La ghala liache kwanza.

Mama yako mkubwa,
Rozalia


Bukitin, 19 Juni 2014

Mama Mkubwa,

Sabuni tumeipata, na uzi. Simendo ameuangalia ule mweusi, akacheka kwa pua, akauweka mfukoni. Hajashona, hajautupa. Gaspar amepata meno mawili na ameyajaribu juu yangu.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi, ya pili jana. Wenzangu wanachimba vitalu. Mimi nimekwatua kipande changu nyuma ya jiko, nimekilainisha mpaka kimekuwa kama unga, na sina cha kumwaga.

Umeuliza habari za mikoko. Iliyo mbele ya majaruba ya mama, ni minene mpaka mtoto hawezi kupita. Upande wa Alandiso wameikata kwa kukaushia samaki, na mawimbi yanaingia moja kwa moja kupiga ukingo. Mwaka huu umebomoka mara mbili. Watu wa mradi walikuja na fulana mpya wakachomeka miche ya mkoko kwa kamba, mistari iliyonyooka kama makaburi ya wanajeshi, kwenye mchanga ambako hata kaa hakai. Yote imekauka. Mama hakuwahi kutumia kamba. Alikuwa anakwenda maji yakitoka, anaokota zile mbegu ndefu zilizoanguka, anazichomeka moja moja kwenye tope, kivulini mwa mikoko mikubwa. Nilikuwa nadhani anajipumzisha na sisi.

Mama Mkubwa, umeniambia niliache. Siwezi kuliacha. Kitalu hakingoji mguu upone. Mwisho wa mwezi huu wa sita ukipita bila mbegu ardhini, mwaka umekwisha, ukingo umekwisha, na nadhani na mume wangu atakuwa amekwisha kufunga mzigo. Nakuheshimu, ndiyo maana nauliza mara ya pili.

Odile


Dakar, 1 Julai 2014

Odile,

Natumaini watoto hawajambo.

Ghala la mwanamke ni tumbo lake. Aliyelijaza ndiye ajuaye kilichomo, hata mumewe hachungulii. Mama yako alilinda lake mpaka siku ya kufa na wewe unataka kulipandia ngazi kwa sababu Alandiso ana mdomo. Nimesema hapana. Nunua mbegu sokoni Oussouye kama wengine.

Rozalia


Bukitin, 8 Julai 2014

Mama Mkubwa,

Hatujambo. Mbegu ya Oussouye ni ile ile iliyoungua.

Sitakuandikia kwa hasira, sina nguvu nayo. Nimekaa nikinyonyesha na nikafikiri. Nilipokuwa msichana, nyumbani kwetu tulikula mchele wa gunia, ule uliovunjika, unaokuja kwa meli. Magunia yalitoka kwako. Mama akisema mpunga wake ni wa misiba na harusi, hauliwi ovyo, na sisi tukatamba kwa wenzetu kwamba ghala la mama yetu limejaa mpaka darini. Lakini misiba ilikuja na harusi zikaja, na sikumbuki hata mara moja kumwona akishuka na kikapu kilichojaa.

Nadhani unajua kilichomo. Nadhani hukutaka kufungua hata kabla ya kuvunjika mguu.

Niambie tu. Mimi ndiye mwanawe. Usipoandika, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa nitapanda ghalani mwenyewe, na laana ikija itanikuta nimebeba mtoto.

Odile


Dakar, 14 Julai 2014

Odile mwanangu,

Namwahi mtu wa meli, usiangalie mwandiko.

Hakuna kitu ghalani. Kama kipo ni kidogo mno cha kuonyesha watu. Ndiyo maana sikutaka lifunguliwe msibani. Mguu ulivunjika kweli, lakini nilipoambiwa siwezi kusafiri nilimshukuru Mungu, naye anisamehe.

Ilikuwa mwaka wewe una miaka kumi na tano. Chumvi iliua majaruba yote ya chini, lakini mama yako aliona katikati ya jaruba bovu kuliko yote mashina mawili matatu yamesimama. Akayavuna peke yake. Mwaka uliofuata akapanda hiyo mbegu, na kwa kuwa ilikuwa kiganja tu, akachanganya na mpunga wake mzuri kutoka ghalani, akaupeleka wote kwenye chumvi. Ukafa, ikabaki kidogo. Akavuna kilichobaki, mwaka mwingine akamwaga tena. Kila mwaka hivyo. Mpunga uliokuwa wa kula na wa heshima, wote alikwenda kuupanda mahali anapojua utakufa, apate kile kisichokufa.

Akaniandikia nimtumie mchele wa duka, watoto wasilale njaa, na nisimwambie mtu. Nilimtumia. Lakini nilimwandikia maneno mabaya, Odile. Nilimwambia anailisha bahari chakula cha wanawe. Nilimwambia mama yetu angejua angezirai kaburini. Alinijibu mstari mmoja, kwamba bahari imekwisha kuja mezani na hatuwezi kuifukuza, basi tutafute mpunga utakaokaa nayo meza moja. Sikumjibu miezi mitano.

Alikuwa na jina kubwa huko Bukitin. Mwanamke mwenye ghala lililojaa. Alilibeba jina hilo na tumbo tupu miaka yote hiyo. Ukilifungua mbele ya watu, utakuwa umemzika mara ya pili, na safari hii kwa aibu.

Fanya hivi. Panda ghalani peke yako, alfajiri, watu wakiwa kwenye vitalu. Chukua kilichopo, kimwage kitaluni, waambie mbegu imetoka Dakar kwangu. Mimi ni mzee na kiziwi, uongo ukinirudia sitausikia.

Mama yako mkubwa


Bukitin, 27 Julai 2014

Mama Mkubwa mpenzi,

Watoto hawajambo, mimi sijambo, kaa chini kabla hujaendelea.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimejifungia jikoni ili Dona asinione. Halafu nikalala nayo siku mbili. Nilitaka kufanya ulivyosema. Ningefanya, kama ukingo ungekuwa wangu peke yangu. Lakini ukingo ni mmoja kwa majaruba yote. Nikipanda mimi tu mbegu ya siri, wanaume watauacha ubomoke, na bahari haitachagua jaruba la Odile ikaliruka. Na wenzangu wakiendelea kukata mikoko upande wao, wa kwangu utabaki kisiwa. Siri ya mama ilimfaa alipokuwa anatafuta. Sasa alikwisha kupata.

Kwa hiyo Jumamosi niliwaita wanawake. Walikuja kumi na wanne, pamoja na Alandiso, ambaye sikumwita. Nikawaambia mama mkubwa ameruhusu. Huo ndio uongo niliousema, nao umekurudia kwa maandishi ili uusome.

Nikapanda ngazi na Gaspar mgongoni. Nilitoa kila kilichokuwemo nikakipanga kwenye mkeka, na sikukaa sana, maana vilikuwa vitu kumi na moja tu. Mafungu kumi na moja, Mama Mkubwa. La kwanza lilikuwa na masuke matatu. Matatu, yamefungwa kwa ukanda wa nguo yangu ya shule, naijua ile rangi. La pili kama kidole gumba. La tatu dogo kuliko la pili, nadhani ndio mwaka wa kiangazi kile kirefu. Yakaendelea kunenepa, mengine yakirudi nyuma, mpaka la mwisho, la mwaka jana, nene kama paja la mtu mzima. Kila mwaka alikuwa anaweka akiba fungu moja la kumbukumbu, na yaliyobaki anarudisha kwenye chumvi; la mwisho ndilo vuno zima la mwaka jana, hakuwahi kulirudisha.

Nilikuwa nangoja wacheke. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga hata na matusi.

Alandiso alipiga magoti. Akaanza kuyapapasa moja baada ya lingine, kutoka jembamba hadi nene, midomo inahesabu. Unajua amelima miaka arobaini, hahitaji kuelezwa mpunga. Alipofika la saba akarudi la kwanza, akayashika yale masuke matatu mkononi. Kisha akazungumza na mama, si na sisi.

"Ayimpen wewe. Miaka yote hiyo ulikuwa unanicheka mafungu yangu membamba, kumbe una njaa kuliko mimi."

Akina mama wakaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka, nawe unajua kinavyogeuka. Mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini marehemu alikuwa hakubali kukaribishwa mara mbili chakulani. Mara ya kwanza angekataa kwa adabu, na mara ya pili angekubali kwa njaa. Mwingine akasema alimwona na macho yake akichomeka mikoko huku anatetemeka kwa homa, akamwita kichaa.

Mama Mkubwa, mimi niliishi na mtu huyo nyumba moja na sikumjua. Nilidhani ana maringo. Nilidhani ni mchoyo wa ghala lake. Leo nikibeba maji na mtoto na kuni, na nikitaka kujilalamikia, nakumbuka masuke matatu.

Aibu haikuja. Nimeiangalia kila kona, haikuja.

Fungu la mwisho tumelipura hapo hapo. Kuota, mbegu itaota, nimeijaribu kwenye kitambaa chenye maji. Haitutoshi sote, kwa hiyo tumeiweka kitalu kimoja, changu, na itapandwa majaruba matatu mabovu kuliko yote: langu, la Alandiso, na la mjane wa seremala. Najua nilisema mwezi wa sita ukipita mwaka umekwisha, lakini mpunga huu hauna haraka, tutajaribu. Jumapili wanawake walikwenda kikao cha wanaume bila kualikwa. Tumeomba ukingo utengenezwe mwaka mmoja zaidi. Wamenung'unika, wametoa mwaka mmoja. Nao wametutaka ahadi, kwamba hakuna mzizi wa mkoko utakaokatwa hapo horini, kwenye mkono wa bahari, wala chaza watakaotolewa, mpaka mpunga uvunwe. Kana kwamba hilo ni wazo lao.

Simendo yumo katika waliotoa mwaka mmoja. Uzi wako mweusi bado uko mfukoni mwake.

Odile wako


Dakar, 30 Septemba 2014

Odile,

Salamu nyingi kwa watoto. Yule paka kumbe nilikubali kweli, analala juu ya mguu wangu mbovu.

Nimechelewa kujibu. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekukasirikia. Ya pili nilikuwa nimejikasirikia. Baada ya hapo nilianza barua nne nikazichana. Ni aibu kwa mtu wa umri wangu kumwonea wivu Alandiso, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yeye aliyashika yale mafungu, na mimi niliyemtumia magunia na matusi katika bahasha moja sikuyashika.

Niambie habari za jaruba. Usinipambie. Kama mpunga umekufa, sema umekufa.

Rozalia


Bukitin, 21 Desemba 2014

Shikamoo Mama Mkubwa,

Gaspar anatembea. Dona anasoma, tena kwa sauti, hata vilivyoandikwa kwenye sabuni. Nimekuwa nikivuna tangu asubuhi wiki mbili na vidole vimepasuka, kwa hiyo nitaandika kwa mkato.

Mwezi wa kumi mvua ilikatika kabla ya wakati. Chumvi ilipanda, unaiona kabisa, nyeupe kwenye matuta. Majaruba ya kati ya watu wengine yaligeuka manjano. Jaruba la mjane lilikufa nusu, upande ule usio na mikoko, maji yaliingia siku mbili. Sikupambii. La Alandiso limesimama robo tatu. Langu, lililo nyuma ya mikoko ya mama, limesimama lote. Mpunga umenizidi kimo. Ukiingia ndani watoto hawakuoni, na ndevu zake nyekundu zinakukwaruza shingo.

Tumevuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke, na hatukuanza kwa kula. Kwanza tumechagua. Mafungu ya mbegu tumegawa kwa kila mwanamke aliyeahidi kuacha mikoko iliyo mbele yake, na wanaokaa upande ulio wazi wataanza kuchomeka mbegu za mkoko maji yakitoka, tope lililo kivulini kwanza, bila kamba wala fulana. Alandiso ndiye anayewaonyesha. Anajifanya alijua zamani, nami namwachia. Lakini Jumapili iliyopita alikuja kwangu na kuku, akakaa, akazungumza habari za hali ya hewa muda mrefu, mwisho akaniambia angependa kumpa mjukuu wake jina la mama, kama hatutaona vibaya. Nikamwambia akuandikie wewe ombi, wewe ndiye mkubwa. Akasema haandiki. Nikamwambia basi utakuja mwenyewe kulijibu.

Kwa hiyo uje. Meli ya Ijumaa, Simendo atakupokea bandarini Ziguinchor na baiskeli ya magurudumu matatu, ngazi hakuna. Mafungu kumi niliyarudisha ghalani siku ile ile kama alivyoyaacha, na hakuna atakayeyashusha tena kabla yako. Nakusubiri uyashike.

Tulipika kidogo jioni ya jana, kibaba kimoja tu, kwa mchuzi wa chaza na mawese, maana sasa ahadi imekwisha na hori limefunguliwa. Chaza wamerudi wanene. Simendo alikula. Akamaliza, akakwangua sufuria, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane, halafu akatoka nje. Nikajua anakwenda kunipa habari za Gambia. Nikamfuata na mtoto kiunoni nikiwa na majibu yangu tayari.

Nilimkuta anapaka mafuta mpini wa koleo lake refu la matope. Akaniuliza kama majira ya kiangazi nitaweza kumbebea udongo, maana ukingo upande wa mjane unatakiwa uinuliwe dhiraa moja, na peke yake hatamaliza. Nikamwambia nina watoto wawili, kuni, maji na jaruba, nami nimechoka. Akasema anajua. Nikamwambia nitabeba asubuhi tu.

Odile